Kabla ya Kusema Mtoto Wako ni Mzito wa Masomo

Mwongozo kwa wazazi na walezi wa Lubao na vijiji vya jirani

Muhula ukifungwa, mzazi hupokea ripoti ya mtoto na macho yake yakaenda moja kwa moja kutafuta nafasi aliyoshika darasani. Asipoiona humuuliza mwalimu: "Kwani alikuwa nambari ngapi?" Enzi za KCPE swali hilo lilikuwa na jibu. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtoto anayesoma chini ya Mtaala wa Umilisi anapimwa kwa viwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au kuwa mbali na matarajio. Katika tathmini ya Gredi ya 9, yaani KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, kila kiwango kimegawanywa mara mbili, vikawa vinane. Isitoshe, safari ya kwenda Sekondari ya Juu haiamuliwi na mtihani wa siku chache: KJSEA inachangia asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA) asilimia 20, na kazi zinazotathminiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 iliyobaki.

Mfumo umebadilika, lakini picha ya mwanafunzi mzuri iliyo vichwani mwetu imebaki ile ile. Ni mtoto anayekaa kimya, mwenye daftari safi, anayejibu haraka, anayezungumza Kiingereza bila kusita, anayesoma hadi usiku wa manane. Asiyefanana na picha hiyo tunamwita mzito, na jina hilo likishamganda ni kazi kulibandua. Yeye mwenyewe huanza kuliamini, akaacha kujaribu.

Ninachokuomba, mzazi au mlezi, ni uiweke picha hiyo kando kwa muda na uulize swali moja tu: mtoto huyu anaweza kufanya nini leo, kitabu kikiwa kimefungwa, ambacho mwezi uliopita hakuweza? Ukiwa na swali hilo mkononi, mengi tunayoyachukulia kuwa dalili za mwanafunzi mzuri yanapungua uzito, na watoto wengi tuliowakatia tamaa wanaonekana upya.

Sokoni anajua, ubaoni hajui

Soko la Lubao, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, linajulikana nchini kwa mbwa wanaouzwa pale, lakini siku ya soko mna mengi: kuku wa kienyeji, mahindi ya kupimwa kwa gorogoro, mrenda, saga, ndizi, mitumba. Watoto nao wapo, wamekuja kumsaidia mama au kukhu, yaani nyanya yao, kuuza. Simama karibu na mmoja wao anayeuza maparachichi. "Mtoto wangu, moja ni ngapi?" mteja anauliza. "Kumi na tano, mama." Mteja anachagua manne na kutoa noti ya mia. Mtoto hatafuti kalamu. Midomo yake inacheza kidogo: mawili ni thelathini, mengine mawili thelathini, hiyo ni sitini. Anatoa sarafu mbili za ishirini na kuziweka kwenye kiganja cha mteja, huku jicho lake moja liko kwa mteja wa pili anayebonyeza matunda bila kununua.

Siku ya shule mwalimu anaandika ubaoni: 100 − (4 × 15). Mtoto yule yule anayatazama yale mabano, anaanza na 100 kutoa 4, anapata jibu la ajabu, anafuta, anaacha nafasi wazi. Jioni mzazi anafungua daftari, anaona alama nyekundu, na kusema hesabu haimo kichwani mwa mtoto huyu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil walichapisha matokeo ya kazi yao na watoto 5 waliokuwa wakiuza vitu barabarani mjini Recife. Watafiti walijifanya wateja, kisha baadaye wakawapa watoto hao hesabu zilizofanana na zile za biashara, mara hii kama maswali ya shule. Kwenye biashara walipata asilimia 98 ya majibu. Swali lilipoandikwa kama hadithi, walipata asilimia 74. Lilipokuwa tarakimu tupu, asilimia 37. Watoto walikuwa wale wale. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa zaidi kutoka masoko ya Kolkata na Delhi nchini India, na ukaonyesha jambo hilo hilo, pamoja na upande wake wa pili ambao mzazi wa mtoto anayeng'ara shuleni anafaa kuuzingatia: watoto wa shule waliokuwa wazuri wa hesabu za daftarini walishindwa na hesabu za biashara. Ujuzi wa sehemu moja haukuvuka peke yake kwenda sehemu nyingine. Lazima mtu auvushe.

Na mzazi anaweza kuwa mtu huyo. Mtoto akitoka sokoni, mpe kalamu na umwambie aandike alichokifanya kichwani, hatua kwa hatua: 15 na 15 ni 30; 30 na 30 ni 60; 100 toa 60 ni 40. Halafu mwonyeshe, au mwombe ndugu yake mkubwa amwonyeshe, kwamba 4 × 15 ni njia fupi ya kuandika kile kile alichokisema, na kwamba mabano yanamwambia "hesabu bei kwanza, chenji baadaye." Siku nyingine geuza mambo: chukua hesabu ya kitabuni umwombe aifanye iwe ya sokoni. Robo tatu ya 8 ni nini? Ni gorogoro 8 za mahindi, umeuza robo tatu, umeuza ngapi? Dakika kumi zinatosha, na mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kuzisimamia, kwa sababu bei za soko anazijua kuliko mwalimu.

Karibu zaidi na kwetu, kule Usenge kando ya Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kenya, waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za mitishamba ambazo wanakijiji hutumia dhidi ya minyoo na maradhi mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliojua dawa vizuri walielekea kupata alama za chini katika Kiingereza na masomo ya shule, na wenye alama za juu walielekea kujua dawa kidogo. Watafiti hawakusema kundi moja lina akili na jingine halina. Walieleza kwamba muda wa mtoto huenda pale ambapo familia yake inaona kuna faida. Katika kazi nyingine kijijini humo, watu wazima walipoulizwa mtoto mwenye akili ni yupi, walitaja mambo manne: ujuzi na maarifa, heshima, uwezo wa kujitolea kuanzisha jambo, na kuelewa namna ya kukabili matatizo ya kila siku. Yalipolinganishwa na vipimo vya shule, ni lile la kwanza tu lililoambatana navyo.

Kwa hiyo mwalimu akikuambia mtoto ni mtulivu na mwenye adabu, shukuru, maana adabu ni jambo kubwa. Lakini usiishie hapo. Uliza pia anaelewa nini. Mtoto mkimya anaweza kuwa anaelewa kila kitu. Anaweza pia kuwa amepotea tangu wiki ya pili na amejifunza tu kutosumbua. Na yule anayeuliza "kwa nini?" hadi watu wakachoka si mkosefu wa heshima. Mfundishe namna nzuri ya kuuliza, usimfundishe kunyamaza.

Saa nyingi za kusoma

Hapa ndipo tunapowapotezea watoto nguvu nyingi zaidi, na ndipo marekebisho yake ni ya bei rahisi zaidi.

Tunamsifu mtoto aliyeinamia kitabu hadi usiku, tochi ya simu kando, akisoma ukurasa ule ule mara ya tano. Anaonekana ana bidii, na bidii anayo kweli. Lakini kurudia kusoma ni njia dhaifu ya kujifunza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwagawa wanafunzi. Kundi moja lilisoma habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha likaifunga na kujaribu kuiandika kutoka kichwani katika vipindi vitatu vilivyobaki. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Ndiyo maana mtoto anakuambia kwa moyo mweupe, "Lakini nilisoma!" Alisoma. Hakujipima.

Njia ya nyumbani ni hii. Mtoto asome sehemu fupi, tuseme kurasa mbili za Sayansi, kisha afunge kitabu na aseme au aandike yote anayoyakumbuka. Akwame. Kukwama huko ni sehemu ya kazi, usimkimbilie na jibu. Kisha afungue kitabu, aone alichosahau, na afunge tena. Kesho yake, kabla hajaanza jipya, aulizwe ya jana. Baada ya siku tatu aulizwe tena, halafu baada ya wiki, halafu baada ya mwezi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tusiporudia, na tafiti nyingi baada yake zimeonyesha kwamba saa moja iliyogawanywa katika siku nne inafaa kuliko saa moja ya mkupuo usiku wa kuamkia mtihani. Kupaka sentensi rangi kwa kalamu ya kung'aa, jambo ambalo wanafunzi wa sekondari wanalipenda, kunapendeza macho tu.

Kama hujui somo lenyewe, bado unaweza kusaidia. Mwambie mtoto amfundishe kukhu. Amweleze kwa Lukabras au Kiswahili maji yanavyogeuka mvuke, au kwa nini tunabadilisha mazao shambani. Kukhu akiuliza "sasa huo mvuke unaenda wapi?" na mtoto akakosa jibu, amejua mwenyewe pale pa kurudi kitabuni. Hakuna tuisheni itakayomwonyesha hilo kwa wazi zaidi.

Nikitaja tuisheni: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kufanyishwa tuisheni wakati wa likizo. Kanuni za mwaka 2015 nazo zinasema masomo ya shule ya kutwa ni kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasorobo. Shule ya kutwa haitakiwi kumlazimisha mtoto kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Wazazi wengi hawajui haya, na wengine ndio wanaosukuma shule ifungue mapema zaidi, wakiamini mtoto anayeamka saa kumi usiku ndiye atakayefaulu.

Ubongo wa mtoto hupanga na kuhifadhi aliyojifunza wakati amelala. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Piga hesabu ya nyumbani kwako. Aliyelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na nusu amepata saa tano na nusu. Huyo akisinzia darasani haitwi mvivu. Ananyimwa usingizi na sisi. Nyumba nyingi haziwezi kukwepa kazi za jioni, kama kuchota maji, kufunga ng'ombe na kumwangalia mdogo. Zigawanye kati ya wasichana na wavulana kwa haki, na ziishe mapema, ili dakika arobaini za kujipima zipatikane kabla giza halijatanda. Dakika hizo zinafaa kuliko saa tatu za kusinzia juu ya kitabu.

Kuna pia imani kwamba huyu ni mtoto wa kuona, yule wa kusikia, mwingine wa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa aina yake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne walipitia ushahidi wote na hawakukuta wa kutosha kuunga mkono imani hiyo. Ramani inafundishwa kwa kuonyeshwa, matamshi kwa kusikiwa, kupanda miche kwa kushika udongo. Usilipe pesa kumpima mtoto "aina yake."

Kiingereza si akili

Miaka ya 1990 mradi mmoja uligawa vitabu vya kiada katika shule za Busia, jirani zetu wa magharibi. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walitarajia alama zipande kwa wote. Zilipanda kwa wale tu waliokuwa tayari wako juu. Sababu mojawapo iliyo wazi: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao, na wengi walishindwa kuvisoma.

Mtoto wa Lubao anaweza kuwa anajua jambo na hajui kulisema kwa Kiingereza. Mambo hayo mawili yanahitaji tiba tofauti. Ili kuyatenganisha, mwulize swali lile lile kwa lugha ya nyumbani. Akijibu vizuri, shida ni maneno, na maneno yanafundishika: maneno matano ya somo kila wiki, ayatumie katika sentensi zake. Asipojibu kwa lugha yoyote, shida ni somo lenyewe, na kumkaripia ili azungumze Kiingereza nyumbani hakutamsaidia. Sera ya elimu nchini inataka watoto wa gredi za chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Shule inayomvisha mtoto disiki shingoni kwa kusema Lukabras inamfundisha kuogopa kufungua mdomo, na mtoto asiyefungua mdomo hajifunzi Kiingereza wala kitu kingine. Mzazi ana haki ya kulisema hilo kwenye mkutano wa shule, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika.

Anaitwa mvivu, kumbe haoni

Kabla ya neno "mvivu," kagua mwili. Je, mtoto hukodoa macho akitazama ubao? Huliinamia daftari hadi pua ikagusa? Hunakili kutoka kwa jirani yake badala ya ubaoni, ingawa alama za mazungumzo ni nzuri? Simama naye nje, mwonyeshe kibao cha duka kilicho mbali ambacho mwenzake wa umri huo anakisoma, usikie anasemaje. Kwa masikio, simama nyuma yake akiwa amejishughulisha, mwite kwa sauti ya kawaida. Fanya hivyo mara kadhaa, siku tofauti. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara apelekwe kituo cha afya, asingojewe apone mwenyewe. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kukuelekeza pa kupimwa. Wakati unasubiri, mwombe mwalimu amkalishe mbele. Hilo halina gharama na linaweza kufanyika kesho asubuhi.

Mtoto anayegeuza herufi kwa muda mrefu kuliko wenzake, anayeshindwa kusoma ilhali anaeleza mambo vizuri kwa mdomo, au anayeshindwa kabisa kutulia, apelekwe kwenye kituo cha serikali cha tathmini na rasilimali za elimu, kinachojulikana kwa kifupi kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984, na kazi yao ni kuwapima watoto na kushauri wasome vipi na wapi. Omba barua kwa mwalimu mkuu.

Minyoo nayo isisahaulike. Utafiti maarufu wa Edward Miguel na Michael Kremer uliofanywa Busia, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kutoa dawa za minyoo shuleni kulipunguza utoro kwa kiasi cha robo. Alama za mtihani hazikupanda katika kipindi hicho, na hilo lazima lisemwe pia: mtoto mzima wa afya aliyefika darasani bado anahitaji kufundishwa vizuri. Siku shule inapogawa dawa, asibaki nyumbani.

Kumsifu na kumchapa

"Huyu ana akili ya baba yake." Tunalisema kwa upendo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa karibu miaka 10 na 11 nchini Marekani. Waliosifiwa kwa akili zao walipokutana na maswali magumu walivunjika moyo upesi na kufanya vibaya zaidi baadaye, kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Wengine walidanganya hata kuhusu alama zao walipoombwa kuwaandikia wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kubadilisha maneno ya sifa peke yake hakuinui alama sana, kwa hiyo usitegemee maneno matupu. Taja kitu alichokifanya: "Naona umerudia hesabu iliyokushinda jana ukaipata. Ulibadilisha nini?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi, kwa sababu linamfanya aitazame njia yake.

Kiboko hakimfundishi mtoto kugawanya. Adhabu ya viboko ilifutwa katika shule za Kenya mwaka 2001, na sheria ya 2013 inaifanya kuwa kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Nyumbani hakuna askari wa kukuangalia, lakini mtoto anayechapwa kwa alama mbaya hujifunza kuificha ripoti. Ukishaikosa ripoti, huwezi kumsaidia.

Vilevile mpira. Kakamega School imejijengea jina nchi nzima kupitia timu yake ya soka, Green Commandos, na bado kuna mzazi anayemzuia mtoto kwenda uwanjani ili "asome." Katika Sekondari ya Juu, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mkondo kamili, sambamba na mkondo wa Sayansi na Teknolojia na ule wa Sayansi ya Jamii. Anayepiga ngoma, anayechora, anayekimbia, ana mahali. Naye pia ajipime kwa kufunga kitabu.

Wa nyuma darasani

Mwaka 2005 katika wilaya za wakati huo za Bungoma na Butere-Mumias, shule za msingi zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule 121 zilizochunguzwa, watoto waligawanywa bila kujali kiwango chao. Katika nusu nyingine, waliokuwa juu waliwekwa kwao na waliokuwa chini kwao. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walipopima baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawanya kwa kiwango zilikuwa mbele, na waliokuwa chini walinufaika sawa na wa juu. Sababu waliyoitaja ni kwamba mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo, badala ya kuwakimbiza waliotangulia.

Sisemi watoto watengwe na kubandikwa majina. Sheria haimruhusu mkuu wa shule hata kumrudisha mtoto darasa. Funzo ninaloliona ni kwamba hao waliokuwa wa nyuma hawakuwa na kichwa kibovu. Walikuwa wakifundishwa jambo la tano kabla ya kushika la pili. Basi ukienda kwenye mkutano wa wazazi, acha swali la nambari. Muulize: "Mwalimu, ni jambo gani mahususi ambalo mtoto wangu bado hajalishika? Liko katika gredi gani? Nifanye nini nyumbani mwezi huu?" Mwalimu mwenye watoto sitini atahitaji siku mbili tatu kukujibu. Mpe muda, kisha urudi. Ukiambiwa mtoto wa Gredi ya 5 hajashika kutoa kwa kukopa, jambo la gredi za chini, anzia hapo bila aibu, na usiruhusu ndugu zake wamcheke.

Na kuna ambao hawamo kabisa kwenye orodha ya darasa: msichana aliyejifungua, mvulana aliyekwenda kukata miwa au kuendesha bodaboda na sasa anatamani kurudi. Hao tumezoea kusema masomo yaliwashinda. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 kuhusu kurejea shuleni unataka msichana aliyejifungua apokewe tena. Nenda naye kwa mwalimu mkuu mkiwa na ripoti zake za zamani na cheti chake cha kuzaliwa. Kama ni aibu ya kurudi shule ile ile, omba barua ya uhamisho. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi na mwende nayo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nyumbani, pangeni mapema ni nani atakayebaki na mtoto mchanga kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano za wiki.